Sauti ya Papa Shingo

Tangu nitangaze kanisani kwamba sitasimulia filamu tena, vijana hawaachi kunipigia simu. Wengine wako hapa Buffalo, Marekani, wengine Columbus, na mmoja yuko Louisville ambaye sijawahi kumwona uso. Wote wanasimulia filamu kwa Kiswahili na kuzirusha kwenye simu, na wote wanauliza jambo lile lile: Papa Wilondja, wewe ulianzaje? Daktari wa koo amenikataza kusema sana, kwa hiyo naandika. Anayetafuta habari za malipo asijisumbue kuendelea. Nilipoanza nililipwa soda, na nilipopata sifa nikalipwa soda baridi.

Nilianza Uvira, Kongo, katika ukumbi wa parokia, nikiwa kijana wa kuota ndevu za kwanza. Padri mmoja Mzungu alikuwa na mashine ya kuonyesha filamu na makopo machache ya vichekesho vya zamani sana, vilivyopigwa kabla filamu hazijajifunza kusema. Watu wanachezesha midomo, yanatokea maandishi ya Kiingereza, kisha wanaendelea kukimbizana. Ukumbi mzima haukuwa na mtu wa kuyasoma maandishi yale. Kwa hiyo palihitajika mtu wa kusimama kando ya kitambaa cheupe na kuwasemea wale watu kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilikuwa ya katekista wetu, mzee Kashindi, mtu mfupi mwenye sauti iliyofika sokoni bila yeye kuhama kanisani.

Siku yangu ya kwanza ilitokana na malaria ya Kashindi. Alinituma nishike nafasi yake, nami nikasema tangu picha ya kwanza mpaka ya mwisho bila kupumua. Watu walinipigia kelele niketi. Jumapili iliyofuata Kashindi, bado amejifunika blanketi, aliniita kwake.

"Weye ulisema, 'Sasa anaanguka,'" akaniambia. "Batu walikuwa wanamuona anaanguka. Ulikuwa unamwambia nani?"

"Nilitaka waelewe, mwalimu."

"Macho yao iko mzima. Sema ile yenye macho haiwezi kuona. Anawaza nini, anaogopa nani, anadanganya nini. Na kama batu wanacheka, nyamaza. Acha wamalize kucheka kwanza."

Hayo ndiyo masomo yote niliyosoma. Mengine niliyapata kwa kusimama. Jifunzeni kusimama pale mnapoona picha na watu pia, maana anayesimulia kwa kutazama kioo tu hajui lini amewapoteza. Chombo changu kilikuwa kipaza sauti cha bati ambacho fundi alinikatia kutoka debe la mafuta ya mawese. Kilinipa sauti, na kwa muda mrefu kiliupa mdomo wangu harufu ya mawese.

Katika makopo yale ya padri, mtu wetu alikuwa mmoja. Mwembamba, mrefu, shingo kama ya korongo, kila mara amebeba ngazi ambayo haimfikishi anakotaka. Tulimwita Papa Shingo. Jina lake halisi hatukulijua, wala hatukujua kama ana jina lingine. Alikuwa mgumu kuliko wote kumsemea. Wengine mdomo ukifunguka neno limeshatoka. Yeye alifungua mdomo, akatulia, macho yakazunguka, shingo ikanyooka, ndipo maneno yakaja yote pamoja. Mara za kwanza nilimtangulia, na kichekesho kikafa. Kashindi akanisahihisha: "Papa Shingo hana haraka. Umungojee." Nikajifunza kumngojea. Ukumbi nao ukajifunza. Mdomo ukifunguka, wamama, watoto, hata padri mwenyewe, wote wananyamaza pamoja naye, na neno likitoka jengo linatikisika kwa kicheko. Kashindi alipofariki, nilimrithi Papa Shingo kama mtu anavyorithi shamba.

Vita vilipotukuta tulivuka ziwa, tukaishia kambini upande wa Kigoma. Makopo ya padri yalibaki Uvira, na sijui yaliishia wapi. Kambini kulikuwa na kibanda cha video chenye jenereta, na kwa miaka mingi nilisimulia humo filamu za kupigana. Kazi ile si ya kujivunia sana, lakini ilinifundisha. Wakati mmoja tulionyesha filamu ambamo kijana anapigwa risasi dakika za mwanzo kabisa. Nikatazama nyuso mbele yangu. Kulikuwa na mama aliyemzika mtoto majuma machache kabla. Nikasema, "Ameumia begani, wanampeleka hospitali." Filamu ikaendelea bila yeye, nami mara kwa mara nikamtajia hali yake. Kwa siku nyingi baadaye watu walinisimamisha kwenye foleni ya maji kuniuliza yule kijana anaendeleaje. Niliwajibu kwamba amepata nafuu na ameanza kula uji. Sijawahi kujuta.

Mke wangu alizikwa kule kambini. Mwaka 2013 mimi, binti yangu Neema, mume wake na watoto wao tulipelekwa Louisville. Nilipata kazi ya kukunja mashuka kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hoteli. Katika kazi ile hakuna wa kumsemea, maana mashine zinapiga kelele kuliko mimi. Jioni nilijaribu kuwasimulia wajukuu filamu zao za televisheni. Walinivumilia kidogo, halafu mkubwa akanijibu kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kwamba filamu hii ina sauti tayari. Nilikwenda kulala. Mwaka ule niliamini kazi yangu imekwisha, na siwezi kusema ulikuwa mwaka mzuri.

Mkwe wangu alikuwa na ndugu Columbus, tukahamia huko, katika nyumba za kupanga za Northland. Kwenye barabara ya Morse kulikuwa na duka la Mrundi mmoja, Nduwimana, aliyeuza unga wa muhogo, dagaa tunaowaita ndagala na kadi za simu. Nilikuwa naulizia bei ya ndagala nikaona ananitazama mdomo.

"Mzee, samahani," akasema kwa Kiswahili chake safi cha kambini. "Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Sema, 'Wanampeleka hospitali.'"

Nikasema. Mtu mzima, mwenye duka lake, akatoka nyuma ya kaunta akanikumbatia mbele ya wateja. Alikulia kambini, na alikuwa akikaa mstari wa mbele kabisa kwenye kile kibanda. "Yule kijana alipona?" akaniuliza. Nikamwambia ameoa.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada nilisimulia filamu nyuma ya duka lake, katikati ya magunia. Ndipo siku moja nikamtajia Papa Shingo. Nduwimana alikuwa mtu asiyeacha swali lipoe. Alinipeleka maktaba, akamweleza mhudumu kwamba tunamtafuta Mmarekani mrefu wa filamu za kimya, mwenye shingo na ngazi. Yule mama hakucheka. Alituletea diski za vichekesho vya zamani, akatuketisha mbele ya televisheni ndogo. Nduwimana alishasinzia wakati ngazi ilipoingia pembeni mwa picha. Kabla mtu mwenyewe hajaonekana, mimi nilikuwa nimeshasimama.

"Ni yeye?" Nduwimana akashtuka.

Papa Shingo alifungua mdomo, akatulia, nami nikajikuta namngojea kama zamani, katikati ya maktaba, na machozi yananitoka.

Mhudumu alitusomea maelezo ya kwenye kasha. Jina lake lilikuwa Ambrose Tull. Alizaliwa Louisville. Alianza kuchekesha watu jukwaani hapa hapa Columbus. Aliacha filamu sauti ilipoingia, na alifia karibu na Buffalo. Nilimwomba arudie. Mwaka mzima nilikuwa nimekunja mashuka katika mji aliozaliwa Papa Shingo, nami nikidhani niko mbali na kila kitu ninachokijua.

Mkwe alipopata kazi kiwandani Buffalo, familia ilisikitika kuhama tena. Mimi nilifunga mizigo kabla ya wote. Neema aliajiriwa kuhudumia wazee majumbani, na wazee wanajua habari za mji. Mmoja wao alimwelekeza kwa mpiga kinanda wa jumba moja la sinema la zamani, na huyo akasema: Tull aliacha binti, anaitwa Edith, anaishi Kenmore, pembeni mwa Buffalo, lakini msijisumbue, hajawahi kukubali kuja kutazama filamu za baba yake. Neema akampigia simu. Edith alifikiria kidogo, akatukaribisha kahawa.

Mama Edith alikuwa amepita miaka themanini. Alipofungua mlango nilitazama shingo kwanza, Mungu anisamehe. Ilikuwa yenyewe. Nyumba yake ilikuwa nadhifu, yenye picha nyingi ukutani, lakini hapakuwa na hata moja yenye ngazi. Alituwekea kahawa na keki, akamsikiliza Neema akieleza kazi yangu, kisha akaanza kusema, na Neema akanitafsiria sentensi kwa sentensi.

Baba yake alikuwa mtoto wa kinyozi, na alikuwa na kigugumizi kibaya. Shuleni mwalimu alimsimamisha mbele ya wenzake mpaka amalize sentensi, na hakumaliza. Akatoroka na kikundi cha wachekeshaji kilichokwenda Columbus, na huko akagundua kwamba mtu anayeanguka kutoka kwenye ngazi haombwi kusema kitu. Watu wa filamu walimwona, wakamchukua. Kwa miaka kumi hivi alikuwa mtu anayetambuliwa barabarani. Halafu sauti ikaingia. Wakampa sentensi moja ya kujaribu mbele ya kipaza sauti. Alikwama kwenye neno la kwanza, na mafundi waliokuwa chumbani wakacheka. Alivaa kofia yake akatoka. Alipanda treni kuja Buffalo kwa wakwe zake, akafanya kazi kwenye kinu cha ngano mpaka alipostaafu. Nyumbani filamu hazikutajwa.

"Alifariki lini?" nikauliza.

Neema akauliza, akaniambia mwaka. Nikahesabu kimya kimya. Papa Shingo alikuwa hai. Jioni zile ambazo Uvira ilikuwa ikijaa ukumbini kumtazama, yeye alikuwa hapa Kenmore, labda anakata majani mbele ya nyumba hii hii, akiamini hakuna mtu duniani anayemkumbuka.

Ndipo nikaeleza ombi langu. Nilitaka kumwonyesha Papa Shingo kwa watu wetu wa Buffalo, kwenye chumba cha chini cha kanisa, na nilitaka yeye awepo. Alisikiliza, kisha akaweka kikombe chini.

"Hapana," akasema. Hilo halikuhitaji mkalimani. Mengine Neema alinitafsiria polepole, na nilimwona anayaona magumu. "Anasema maisha yote ya baba yake watu walimmalizia maneno. Mwenye duka, dereva wa basi, hata mama yake mzazi. Anasema ni mzee mwema wewe, lakini hataki mtu mwingine amtilie baba yake maneno mdomoni."

Nimesimama mbele ya watu wenye hasira, wenye njaa, na walevi, na mara zote nilipata la kusema. Pale nilikaa na keki yangu. Mwisho nikamwambia Neema, "Mwambie sitamtia maneno. Mwambie nataka tu aone namna tulivyokuwa tukimtazama. Dakika chache. Akisema niache, naacha."

Akakubali, nadhani kwa adabu tu. Neema aliweka diski. Nikasimama kando ya televisheni, nikaanza kwa sauti ya chini, Kiswahili cha Uvira, kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa kijana. Papa Shingo anagonga mlango wa tajiri. Tajiri anatoka, anauliza anataka nini. Papa Shingo akafungua mdomo. Akatulia. Macho yakazunguka. Shingo ikanyooka. Nami nikanyamaza, nikamngojea, mpaka neno lilipotoka, ndipo nikalitamka.

Mama Edith alishika mkono wa kiti. "Simamisha," akasema. Neema akasimamisha.

"Anauliza kwa nini ulinyamaza pale."

"Mwambie alikuwa bado hajamaliza," nikasema. "Mwalimu wangu alinifundisha hivyo. Papa Shingo hana haraka, anangojewa. Sisi tulijua ndiyo tabia yake."

Neema alitafsiri. Mama Edith akajifunika mdomo kwa mkono. Aliposema, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Anasema pale alikuwa amekwama," Neema akaniambia, naye machozi yanamlengalenga. "Kwenye kamera. Amekwama kweli. Anasema yeye anaijua ile shingo. Anasema mbele ya kamera baba yake aliyatamka maneno kweli, hata kama hayasikiki, na pale alikwama kweli."

Kumbe kipimo changu chote cha kazi, mahali pa kunyamaza na mahali pa kusema, nilikipata kwa kigugumizi cha mtu yule. Nikasema, "Neema, umwambie hivi. Uvira nzima ilimngojea. Padri, wamama, watoto wa shule. Hakuna hata mmoja aliyemharakisha."

Mama Edith alimtazama Neema, kisha mimi. Akauliza tutamfuata saa ngapi, ajiandae.

Onyesho lilikuwa Jumamosi mchana. Daktari alikuwa ameshanionya kwamba koo langu halina tena la kupoteza, kwa hiyo nilijua ndiyo mara yangu ya mwisho, na nililiandaa kwa tangawizi na ukimya wa siku nzima. Wakongomani walijaa, Warundi wakajaa, watoto wakawekwa mbele sakafuni. Mama Edith alikaa mstari wa pili, amevaa koti jekundu, mkoba mapajani, uso wa mtu anayengojea kung'olewa jino.

Sitajisifu kwamba nilisimulia vizuri. Nilisimulia vizuri. Sauti ilikwaruza mwanzoni, ikapata joto, ikashika njia. Wajukuu walioniambia Louisville kwamba filamu zina sauti tayari walikuta moja isiyo nayo, na walikaa midomo wazi. Papa Shingo alipofungua mdomo mara ya kwanza, mtoto mmoja alitaka kucheka kabla ya wakati. Nyuma ikasikika sauti ya Mama Furaha wa Uvira, mama mzee anayetembelea fimbo: "Nyamaza weye! Hajamaliza!" Alikuwa akimtazama Papa Shingo tangu akiwa msichana, pale parokia. Chumba kizima kikatulia. Neno likatoka. Kicheko kilichofuata nilikisikia miguuni. Nilimtazama Mama Edith. Alikuwa anacheka, na alikuwa anatazama huku na huku, kuona nani mwingine anacheka.

Taa zilipowashwa aliomba kusema. Alisimama akishika kiti cha mbele, Neema akasimama kando yake. Alituambia jina la baba yake lote. Alituambia Louisville, Columbus, na kinu cha ngano. Alituambia kigugumizi, bila kukificha. Alisema alizaliwa baada ya filamu zile, na leo ndiyo mara ya kwanza kuona baba yake anachekesha watu. Kisha akasema mwaka aliofariki na makaburi alikozikwa, hapa hapa mjini, akashukuru, akataka kuketi.

"Donc, alikufaka?" Mama Furaha akauliza kwa sauti.

Nikamwambia ndiyo, Mama, zamani.

"Na hakuna mutu alituambia!" Alikuwa amekasirika kweli. "Tulimucheka hivi, tukamupenda hivi, mutu anakufa, na sisi hatukulia naye? Hapana. Bon, hapana. Neema, umushike huyo mama, asikae."

Akashika fimbo yake akapita katikati ya viti. Alipofika mbele ya Mama Edith alimpa mkono wa kulia, wa kushoto ukiuunga, akainamisha kichwa. "Pole, Mama," akasema. "Pole sana kwa Papa." Nyuma yake akasimama mwingine, kisha Nduwimana aliyekuwa ameendesha gari kutoka Columbus, kisha mkwe wangu, kisha watu ambao hata Uvira hawajaiona, mpaka foleni ikafika mlangoni. Hakuna aliyepanga. Huko kwetu ndivyo inavyofanyika, mtu akisikia msiba haulizi umepita muda gani.

Mama Edith alimgeukia Neema, akauliza wanasema nini.

"Wanakupa pole kwa kufiwa," Neema akamjibu. "Samahani, wamechelewa kupata habari."

Yule mama akaweka mkoba wake juu ya kiti, akanyoosha koti, akanyoosha ile shingo, akaanza kupokea mkono wa kila mmoja.